Ngamia Wanne kwa Mama Anayetaka Kulala

Jumatatu, 3 Agosti

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata paka wa jirani ambaye huwa namwambia mengi. Kwa miaka miwili sasa siwatafsirii watu wa nyumbani kilichoandikwa. Nawatafsiria kinachonifaa.

Ilianza na ripoti ya shule. Mwalimu aliandika kwa Kizungu kwamba mtoto huyu hafungui mdomo darasani, ajirekebishe. Nikamsomea Mama kwamba mtoto huyu huwapa wenzake nafasi ya kuzungumza. Mama akaniongezea nyama. Tangu hapo kila barua ya Kizungu humu ndani hupitia kwangu. Ana kwa ana mimi ni mtu wa kujificha nyuma ya pazia wageni wakija. Kwenye karatasi huniwezi.

Leo Mama ametangaza kwamba mwezi huu atafunika cherehani wiki nzima. Hajapumzika miaka kumi na mmoja. Mgongo umegoma, siku hizi hata chakula anakula amesimama. Baba, ambaye ni mlinzi wa ghala la saruji, amependekeza mji mmoja wa jangwani aliouona kwenye kalenda ya kazini. Pana mchanga, pana ukimya, pana nyumba ya wageni. Mama amesema anachotaka ni kitanda, kivuli, na siku saba za kutoulizwa sindano iko wapi.

Mimi nataka mikikimikiki. Muhula uliopita kila mmoja alisimulia likizo yake mbele ya darasa. Nilisema, "Nilikuwa nyumbani," nikakaa. Sekunde tatu. Kuna mtu alizihesabu.

Mama ameniagiza niwaandikie wenye nyumba ya wageni barua pepe: chumba cha nyuma, kimya, tusitembezwe popote. Nimeandika kwa Kizungu kilichopigwa pasi: ngamia wanne, kupanda vilima vya mchanga alfajiri, kulala kwenye hema. Nimetuma.

Jumanne, 4 Agosti

Jibu limefika. Mwenye nyumba ya wageni ni bibi mmoja, na anajua raha. Ngamia wapo. Hema lipo. Atatuamsha kwa ngoma saa kumi na moja alfajiri. Nikamsomea Mama kwamba vivuli ni vingi.

Dada yangu mkubwa tunamwita Inspekta, maana hakuna mfuko humu ndani ambao hajaupekua. Akauliza mbona barua ndefu hivyo imetoa maneno matatu. Nikamwambia Kizungu kina mapambo mengi. Akasema, "Ehe." Sizipendi ehe zake.

Alhamisi, 6 Agosti

Baba amesikia kazini kwamba jangwani kuna ngamia, na ngamia hutema mate. Ameniagiza niulize kama kuna mnyama anayeweza kufika karibu na mlango wa chumba. Ameagiza kwa kunong'ona, Mama asisikie. Baba hulinda ghala kwa rungu, lakini akikutana na mbuzi huvuka barabara.

Nimeandika kwamba Baba ni mpanda ngamia mashuhuri. Sijui ilitoka wapi. Vidole vyenyewe.

Jibu limekuja ndani ya saa moja. Baba amewekewa ngamia mwenye mbio kuliko wote, anaitwa Radi. Na Mama, siku ya kwanza, atatembea kilomita kumi na mbili mchangani ili apate kuzoea.

Nikachungulia chumba cha kushonea. Mama alikuwa amelala chali sakafuni, utepe wa kupimia bado uko shingoni, akimwelekeza mteja ajipime kiuno mwenyewe. Roho ikaniuma. Nikaanza barua ya kufuta kila kitu. Nikafika "Samahani". Halafu nikasimama mbele ya kioo, kujaribu tu nitakavyosimulia darasani. "Tulipofika kileleni, ngamia wangu akagoma kushuka." Nilisikika vizuri mno.

Barua nimeiacha hapo. Kesho nitaomba kilomita zipunguzwe ziwe kumi. Huo nao ni wema.

Jumamosi, 8 Agosti

Maafa. Inspekta aliona namba ya simu chini ya barua pepe. Akapiga, akampa Mama. Niliikimbilia ile simu, nikasema mimi nitatafsiri, ndiyo kazi yangu. Mama alishaiweka sikioni. Aliposikia sauti ya mtu mzima, kwa mazoea tu akasema, "Shikamoo." Upande wa pili ukajibu, "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

Kiswahili. Kilichonyooka. Kumbe kwa sababu nilianza kwa Kizungu, nao walidhani sisi ndio hatujui kingine.

Walizungumza dakika arobaini. Nilizipitisha chini ya meza ya kukatia vitambaa.

Yote yametoka. Bibi yule hasomi Kizungu. Anayemsomea na kumwandikia ni mjukuu wake wa kike, miaka kumi na sita, sawa na mimi. Mjukuu alimwambia kwamba wanakuja watu wapole, wamechoka, wanataka kulala. Bibi akafurahi, maana naye hapendi vurugu. Ameshatundika mapazia mazito chumba cha nyuma. Ngamia ni mmoja, wa jirani, mzee, hubeba maji. Huyo ndiye Radi. Mjukuu haruhusiwi kumpanda mpaka awe anasindikiza wageni, na wageni wenyewe huja kulala. Alikuwa anasubiri watu kama sisi tangu mwaka juzi.

Yaani Mama na bibi walikuwa wamekubaliana tangu siku ya kwanza bila kujuana, na katikati yao waongo wawili tunaandaliana safari.

Mama hakunifokea. Heri angefoka. Alinisimamisha nisome barua zote, zangu na zao, neno kwa neno, kwa Kiswahili, kwa sauti. Mbele ya Baba, Inspekta, na mteja aliyefuata sketi yake na akakataa kuondoka. Mimi, wa sekunde tatu. Nilisoma dakika ishirini. Nilipofika kwa mpanda ngamia mashuhuri, Baba akakohoa, akasema nirudie hapo, hakusikia sawasawa. Alisikia. Nimerudia mara tatu.

Nilipomaliza Mama akaniambia, "Nilijua unanipunguzia maneno, baba. Sikujua unanipandisha ngamia." Halafu akauliza, taratibu, yeye aliomba nini. Nikasema kitanda, kivuli, siku saba. Akasema, "Basi." Hilo "basi" lilikuwa zito kuliko fimbo.

Hukumu: safari iko palepale. Kazi yangu huko ni kusogeza kiti cha Mama kufuata kivuli, kutwa, siku zote saba. Jua lisimguse. Nimeapa sitatafsiri uongo tena. Na nilimaanisha.

Jumatano, 12 Agosti

Keshokutwa tunaondoka. Mimi ni mtu mpya. Siku nne sijapotosha neno. Jana nilimsomea Mama maelezo ya dawa yake ya kuchua mgongo mpaka anwani ya kiwanda.

Leo mjukuu wa bibi ameniandikia. Adhabu yake ni kufagia mchanga uani kila asubuhi. Jangwani. Anasema akimaliza kona ya mwisho, kona ya kwanza inamsubiri. Hana kinyongo. Ila Jumatatu yule ngamia mzee anakwenda kisimani, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, na jirani anataka vijana wawili wa kumfuata. Kinachohitajika ni karatasi ya ruhusa yenye saini ya mzazi. Ameiambatanisha. Ameiandika kwa Kizungu. Namheshimu sana msichana huyu.

Nimeichapisha dukani. Mama akaniuliza ni karatasi gani hiyo. Nilifungua mdomo niseme ukweli kabisa. Akaniwahi. Akasema nimsomee tu, ananiamini, siku hizi ameona nimekuwa mtu wa kutegemewa. Mtu akikuamini kiasi hicho unamvunjaje moyo? Nikamsomea kwamba wageni wanathibitisha kuridhika na kivuli. Akasaini. Akasema watu wa kule ni waungwana.

Lipo suala la kiti. Saa tatu ni nyingi. Lakini nimefanya utafiti, kwa tochi na kopo la vifungo. Mama nitamweka mahali ambapo kivuli kitamfuata chenyewe. Atakuwa amelala, hatajua kama nilikuwepo. Kwenye majaribio kopo lilibaki kivulini mara moja kati ya nne, lakini ile tochi ni mbovu.

Tatizo ni Inspekta. Ameazima kamusi kwa jirani na tangu Jumapili anakula nayo mezani. Sasa hivi nimemsikia akimuuliza Mama ile karatasi aliyosaini iko wapi. Iko hapa, katikati ya kurasa hizi.

Hatua kwenye korido. Si za Mama, Mama huburuta kandambili. Hizi ni za mtu aliyebeba kitu kizito kwa mikono miwili. Chini ya godoro alishapekua. Ndani ya begi, alishapekua. Daftari hili nalisukuma nyuma ya kabati, kama haitoshi nitalikalia na kusema ni hesabu za ki—