Tairi Lisiloomba Upepo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku kubwa! Leo nimekabidhiwa ufunguo wa stoo ya vifaa hapa tunapojenga. Matoroli manane, sepetu kumi na mbili, karai, ndoo, pampu moja na kiti. Kiti! Kiko kivulini, tena kina mahali pa kuegemea. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshakikalia mara sita, kuhakikisha ni kizima.

Msimamizi wetu tunamwita Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kupimia ukuta, kwa sababu hakuna kilichopinda kinachompita. Amesema ufunguo ni wa majaribio. Jumamosi tunamwaga zege la sakafu ya juu, na siku hiyo mashine ikishaanza kuzunguka haitakiwi kusimama. Matoroli yote manane yakifanya kazi bila kulala na pancha, ufunguo ni wangu moja kwa moja. Yakilala, anampa shemeji.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anasukuma toroli hapa hapa. Mpole, mchapakazi, haongei sana. Kwa kifupi, mtu wa kuudhi. Kule kwa wakwe hawaishi kumsifu. Mimi nikiingia sebuleni, baba mkwe anatazama saa.

Sasa niko juu yake. Nilipomweleza mke wangu, akauliza kama kaka yake ameshanionyesha jinsi ya kutia upepo. Nilijiongezea mchuzi, kama mtu mwenye cheo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Shemeji amenifuata asubuhi kunipa somo. Nani alimwomba? Anasema tairi la toroli hukaguliwa kila siku kabla ya mzigo. Unalibonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea kama nyanya mbivu, ongeza upepo. Likiwa gumu kama jiwe, punguza, maana jua likipanda litapasuka. Unapaka mate kwenye valvu uone kama linatoa mapovu. Unatazama misumari. Jioni unayapindua matoroli kivulini. Kila siku ya Mungu! Kazi ya robo saa tu, anasema.

Robo saa ya kuinama, na kiti ninacho! Nilimshukuru, kisha nikafuata akili yangu. Jaza upepo mwingi mara moja, utoshe hadi Jumamosi. Hesabu rahisi. Nilipiga pampu mpaka tairi ukiligonga linalia. Nikayapanga matoroli yote juani ili yaonekane vizuri.

Saa saba mchana likapasuka la kwanza. Fundi rangi alishuka kutoka juu ya ngazi bila kutumia ngazi. Dakika kumi baadaye, la pili. Nilimwambia Timazi kwamba tyubu za siku hizi hazina adabu. Akanitazama, kisha akautazama ufunguo.

Shemeji alipiga viraka tyubu zote mbili bila hata kutabasamu. Hilo ndilo linaloniuma. Angecheka kidogo tu tungekuwa sawa.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimepata! Limenijia nikiwa kitini. Adui si pancha. Adui ni upepo wenyewe! Kitu hakionekani, hakishikiki, na kazi yake ni kutoroka. Nani alituambia tukitegemee kubeba zege? Tairi lisilo na upepo haliwezi kuishiwa upepo. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Haina dosari.

Nimetia saruji.

Saa kumi watu walipoondoka mimi nilibaki. Nimefungua matairi yote manane, nikatoa tyubu, nikashindilia saruji na mchanga, nikarudisha kila tairi kwenye rimu kwa bisibisi mbili na matusi kadhaa. Vidole vimechubuka, roho imesuuzika. Ili mchanganyiko ujibane vizuri, nimeyasimamisha matoroli mstari mmoja na kupakia kila moja matofali thelathini. Mtu mwingine asingelifikiria hilo. Ufundi ni kujali mambo madogo.

Tyubu nimezikatakata vipande vya kufungia vitu. Mlinzi kachukua vya geti, mama wa chai kachukua vya kukazia miguu ya meza yake. Mimi sirudi nyuma. Pampu nimeiweka chini ya mlango wa stoo usijifunge.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimezungushia matoroli kamba. Hakuna kugusa hadi Jumamosi. Kazi ndogondogo watu wabebe kwa karai. Wamenung'unika sana. Viongozi wote hunung'unikiwa.

Timazi amepita, akabonyeza tairi kwa kidole. Halikubonyea. Akabonyeza la pili na la tatu. Akauliza nimefanyaje. Nikamjibu kuwa ni siri ya stoo. Basi akatikisa kichwa na kusema kwamba huenda alinidharau bure. Mbele ya watu! Mbele ya shemeji! Nakiri machozi hayakuwa mbali. Miaka tisa nimekuwa mkwe kwenye ile nyumba, na hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri kama hilo.

Baadaye shemeji akanivuta pembeni. Akaomba tusukume toroli moja tu, hatua kumi, tuone linavyokwenda. Nikamjua! Wivu. Nikamwambia abaki na vidole vyake gumba, mambo ya stoo ayaache kwa wenye stoo. Akasema sawa, shemeji, akaenda zake.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimemwambia mke wangu kwamba Jumapili tunakwenda kwa wazazi wake. Mwenyewe nimetaka! Ameshika paji langu kuona kama nina homa. Nimeshachagua shati. Nimefanya mazoezi ya kuingia sebuleni ufunguo ukining'inia kidoleni, nikiuchezesha kama vile sijui kama ninauchezesha. Mke wangu akauliza mbona nina saruji masikioni. Nikasema cheo kina mambo yake.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi mashine ikaanza kunguruma. Nikakata kamba mwenyewe. Wanaume wanane wakapakua matofali, wakachukua zege, wakashika mikono ya matoroli na kuinua. Yaliinuka kwa shida. Nikawaambia uzito ni dalili ya ubora.

Yakaanza kwenda. Hatua mbili laini, kisha dup! Hatua mbili, dup! Kumbe siku zote hizo, chini ya matofali yangu, saruji ilikuwa inakauka huku tairi limekandamizwa chini. Kila tairi limetoka na upande mmoja bapa, kama sahani iliyomeguka ukingo. Kila likizunguka toroli linaruka, na zege nalo linaruka. Manane kwa mstari: dup, dup, dup! Yalitoka kwenye mashine yamejaa pomoni, yakafika juu na zege la kuziba tundu la panya. Lililobaki lilikuwa kwenye njia ya mbao. Kiasi kilikuwa kwenye kiatu cha Timazi.

Nikapiga kelele wasukume kwa kasi zaidi, mwendo ungemeza ule ubapa. Wakanitii. Ekseli mbili zikakatika.

Timazi hakunigombeza. Alininyooshea mkono tu, kiganja juu. Nikauweka ufunguo pale. Afadhali angenitukana.

Shemeji alikuwa ameshatoka getini. Akarudi na wenzake wakisukuma matoroli sita ya kuazima kutoka kwa wafyatua matofali wa mtaa wa pili, matairi yake yamelala kabisa. Akachomoa pampu chini ya mlango, akaanza. Gumba, mate, pampu. Gumba, mate, pampu. Nilitazama saa ya mlinzi. Robo saa, kweli. Zege likaendelea kupanda, taratibu, bila kuruka.

Mimi nilikwangua mbao mpaka jioni. Sakafu ilipokamilika watu walimpigia shemeji makofi. Nami nikapiga. Niandike tu ukweli, hakuna anayesoma humu: niliona aibu. Nikamfuata, nikamwambia ahsante. Akasema imekwisha, shemeji, akanisaidia kuosha sepetu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Tumekwenda kwa wakwe. Habari ilitutangulia. Mama mkwe alinipokea kwa sauti ile ya kwenye msiba.

Baba mkwe goti limemkorofisha, hospitali wamempa kiti cha magurudumu. Kizuri, cheusi. Magurudumu mawili makubwa, ya upepo! Shemeji akaahidi kupita kila Jumapili kukagua na kutia upepo. Sebule nzima ikamshukuru. Mimi niliyakodolea macho magurudumu. Nilikuwa nawaza.

Wiki hii imenifundisha jambo kubwa, na nimeliandika hapa ili nisilisahau. Kosa halikuwa saruji. Kosa lilikuwa kuyaacha matairi yamesimama chini! Yakikaukia hewani yatatoka duara safi kabisa. Kiti unakipindua miguu juu, siku mbili, kazi kwisha. Mzee hatategemea pampu ya mtu maisha yake yote. Watajua mkwe ni nani.

Saruji nimeikuta nyuma ya banda la kuku, nusu mfuko, na mchanga upo. Kilichobaki ni kitu kimoja. Nimemwomba baba mkwe, kwa heshima zote, ashuke kwenye kiti kwa muda mfupi. Ameyakumbatia magurudumu kwa mikono miwili na kusema hashuki mpaka mimi niwe nimeondoka nyumbani kwake.

Hakuna neno. Nimekaa barazani, naandika. Mzee wa umri ule, baada ya kula, lazima asinzie.