Mimi, Shemeji na Boya la Tangi

Jumatatu, tarehe 6

Lori limezima tena. Mlima ndio kwanza unaanza, matofali yamejaa hadi juu, na mshale wa mafuta umelala kulia kwenye "jaa" kama kawaida yake. Uko hapo tangu mwezi uliopita. Tangi likijaa, unasema limejaa. Tangi likikauka, unasema limejaa. Sijawahi kuona kifaa chenye matumaini kiasi hiki.

Aliyeniletea dizeli ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Nani mwingine? Alikuja na dumu, mpira wa kumiminia na kitambaa safi cha kufutia mikono. Hakunilaumu hata kidogo. Hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Lori ni lake, aliachiwa na marehemu baba yake. Mimi naliendesha kwa hisani tu. Hakupandisha sauti.

"Likizima njiani kwa kukosa mafuta mara nyingine," alisema, "ufunguo nampa mdogo wangu."

Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Nilikunywa. Bila ufunguo ule mimi ni nani? Mtu mzima anayeshinda nyumbani akifukuza kuku.

Jumanne, tarehe 7

Nimekwenda kwa fundi. Tunamwita Kumi na Nne, kwa sababu hiyo ndiyo spana anayoitafuta siku zote. Akanieleza kwamba ndani ya tangi kuna boya, linapanda na kushuka pamoja na mafuta, na ndilo linaloupa mshale habari. Nichomoe waya juu ya tangi, niugusishe kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya lori. Mshale ukianguka, geji yenye mshale ni nzima, tatizo liko ndani ya tangi.

Niliugusisha. Ukaanguka kushoto, kwenye "tupu"! Sikumbuki lini mara ya mwisho kitu kilinitii hivyo.

Kumi na Nne akasema nilitoe boya, nilitazame kwanza limepatwa na nini. Nikilazimika kulibadilisha, nisithubutu kufunga la gari la aina nyingine. Nilikuwa naitikia kwa kichwa huku nawaza nitakavyomwambia mke wangu kwamba nimelitengeneza mwenyewe. Shemeji alijitolea kunisaidia. Nikamshukuru sana na kumkatalia.

Jumatano, tarehe 8

Siku nzima chini ya bodi ya lori. Kifuniko cha boya kiko juu ya tangi, mahali panapoingia mkono tu, kichwa hakiingii. Skrubu zimeshikwa na kutu. Dizeli imenitiririkia hadi kwapani. Kwa harufu hiyo, mke wangu amepitisha amri nilale upande wa dirisha.

Boya lilipotoka, lilitoka na kijiti. Kijiti changu. Ndicho nilichokuwa napimia mafuta mwezi uliopita, maana geji sikuwa naiamini, kikakatikia ndani. (Sikumwambia mtu.) Kilikuwa kimejichomeka chini ya boya na kulishikilia juu.

Nikakichomoa. Papo hapo boya likaanguka, na kila nikilisukuma likawa linapanda na kushuka bila kipingamizi chochote. Nilihuzunika sana. Limelegea kabisa, halishiki popote. Nimelitupa kwenye ndoo ya takataka, na kijiti nimekirusha ng'ambo ya ukuta.

Alhamisi, tarehe 9

Mzee wa vyuma chakavu alikuwa na boya moja tu. Nilimuuliza ni la lori la aina gani. Akasema la lori lililokufa. Nikalichukua.

Matundu ya skrubu hayakulingana na yangu. Nikayapanua kwa tupa hadi yakakubali. Nikafunga, nikaunganisha waya, nikajaza tangi, nikapanda kutazama. Mshale umelala kushoto. Tupu! Nikashuka, nikafungua, nikalitoa boya, nikaliacha lining'inie kama vile tangi limekauka. Mshale ukaruka kulia. Jaa.

Kwa hiyo linafanya kazi, ila linasema kinyume. Nilikaa juu ya tairi nikitamani kulia. Sina nguvu za kurudi kwa yule mzee. Lakini hebu tufikiri kiutu uzima: kushoto ni jaa, kulia ni tupu. Mwenye akili timamu anahitaji nini zaidi? Nimelifunga tena hivyo hivyo. Nimemwambia mke wangu kila kitu kiko sawa.

Ijumaa, tarehe 10

Nimepata wazo.

Nimebeba matofali kutwa nzima hadi mshale ukalala kulia kabisa, yaani tangi ni kavu. Mtu asiyejua siri ataona "jaa". Jioni, mbele ya mke wangu, nikamwambia shemeji kesho alichukue lori kwa shughuli zake, mafuta yapo tele, atazame geji mwenyewe. Ataishia njiani. Mke wangu ataona kwamba hata yule malaika wake huishiwa mafuta, na habari za ufunguo zitakwisha.

Mke wangu alinitazama kwa upole ambao sijauona siku nyingi. Wakati wa kula alinipakulia nyama kabla ya mdogo wake. Nilijisikia vibaya. Nyama niliimaliza.

Jumamosi, tarehe 11

Nimeshinda na simu mkononi. Haikulia. Saa za mchana nilikwenda hadi njia panda kutazama, nikarudi nimechomwa na jua.

Jioni lori limeingia uani likitembea lenyewe, tena limeoshwa. Shemeji akanirudishia ufunguo na kuanza kunieleza jambo kuhusu geji. Nikamkatisha. Nikamwambia hakuna anayeijua geji ile kunizidi, aende akapumzike. Akaenda zake.

Nikapanda kuchungulia. Mshale uko kushoto kabisa. Kushoto! Kanijazia tangi zima! Mtego haukunasa, lakini mafuta nimepata. Nalala mapema.

Jumatatu, tarehe 13

Siwezi kuandika mengi.

Mke wangu alitaka tufuatane kupeleka matofali. Alivaa vizuri, akakaa karibu nami, tukawa tunaongea kama zamani. Mshale ulikuwa kushoto safari yote, nami moyo mweupe. Lori likakohoa, likazima mbele ya geti la mjenzi, watu wote wakitazama.

Shemeji alikuja na dumu lake. Ilibidi aseme. Jumamosi, kabla ya kuondoka, alipima tangi kwa waya, akakuta kavu huku geji ikisema limejaa. Akalifungua, akaona boya si la lori letu. Lile la zamani aliliokota kwenye ndoo ya takataka, akalijaribu, zima kabisa. Akalirudisha, akatia mafuta ya kumtosha siku ile tu. Tangu hapo kushoto ni tupu, kama geji ilivyoandikwa. Alitaka kuniambia. Tena alidhani nitajaza mwenyewe, kwa kuwa mshale ulikuwa unaonyesha.

Mke wangu alichomoa ufunguo yeye mwenyewe.

"Mimi sikutaka uwe fundi," alisema. "Nilitaka uwe unauliza."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na mimi ndiye niliyemchosha. Nilitamani angenifokea.

Jumanne, tarehe 14

Shemeji anaendesha. Mke wangu anakaa mbele pamoja naye. Mimi nakaa nyuma, juu ya matofali. Yanaumiza kuliko nilivyodhani, na kila tukipita watu wananipungia mkono.

Lakini nimekuwa na muda wa kuyatafakari maneno ya mke wangu. Nimeyageuza huku na huku, na nimeona alisema kweli. Kosa langu lote ni kutouliza. Ningeuliza, nisingefika hapa. Nimebadilika.

Kesho asubuhi nitamfuata shemeji kwa adabu zote, nimuombe anionyeshe waya wa geji ya joto la injini unapita wapi. Hawezi kukataa, yule hajui kukataa. Atanionyesha mwenyewe. Nikishaujua waya ule, nautoa, nampa siku chache tu injini imchemkie.