Shamba la Mkurugenzi Ndani ya Diski

Wananchi wa Lushoto na vitongoji vyake walitangaziwa kwa kipaza sauti, kuanzia stendi hadi sokoni, kwamba Mamlaka ya Ustawi wa Mboga za Milimani imeingia rasmi katika zama za kidijitali, na kwamba wasiwe na hofu.

Hofu haikuwepo. Waliokuwa wanapakia karoti waliendelea kupakia karoti.

Aliyekuwa na hofu ni Fanueli Shemhilu peke yake, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu za Kielektroniki, kwa sababu zama zenyewe zilikuwa juu ya meza yake na zilikataa kuwaka. Ilikuwa kompyuta ya zamani, nzito kama debe la viazi, rangi ya meno ya mvuta sigara, iliyookotwa kwenye stoo ya shamba la maziwa huko Kwai. Kompyuta mpya Mamlaka ilikuwa nazo, ila zilikwenda semina pamoja na Mkurugenzi na hazikurudi. Mkurugenzi alieleza kwamba bado zinajifunza.

Fanueli hakuona cha kuchekesha. Alikuwa mtu wa kuamini waraka, na waraka ulisema mashine ikifanya kazi mbele ya mgeni rasmi siku ya sherehe ya uzinduzi, neno "Kaimu" litaondolewa. Ikigoma, atarudishwa Soni kusimamia mizani ya kabichi. Mkewe, Beatha, alikwishapeleka kitenge kwa fundi.

Basi akaifungua mashine kwa bisibisi, akatoa diski iliyokufa, akafunga nyingine ambayo muuza vifaa chakavu wa Tanga aliapa kwamba haijawahi kumwangusha mtu. Mashine ikakohoa, ikawaka, ikauliza: diski hii ina vichwa vingapi?

Swali la namna hiyo halijibiwi na kaimu. Fanueli alilipeleka juu.

"Vichwa?" Mkurugenzi Benjamini Kaniki alivua miwani. "Wakuu wa idara tuko saba. Andika saba."

"Mheshimiwa, nadhani inauliza vile vichwa vidogo vya kusomea, vilivyomo ndani ya..."

"Fanueli. Vichwa vya ofisi hii anavijua nani?"

"Ni wewe, mheshimiwa."

Ikaandikwa saba. Mashine ikakataa. Likaundwa Jopo la Vichwa, likakaa, likala sambusa, likashauri kwamba, kwa kuwa mgongoni mwa diski pamechapwa nne, wakuu watatu wahesabiwe kuwa wako likizo. Mashine ikaridhika. Jopo likajipongeza.

Ikabaki kuifomati, yaani kuisafisha na kuitengenezea matuta ili ipokee kumbukumbu. Lakini kabla ya hapo diski ilipaswa kugawanywa, na hapo ndipo watu walipoacha mzaha. Neno kugawana, kwa mtu aliyezaliwa kwenye mteremko, lina maana moja tu. Kila idara ilitaka bondeni. Hashimu wa Vipimo alikuja na futi ya kamba na vigingi. Bwana Umwagiliaji aliuliza maji yanapita upande gani. Timotheo wa Usafirishaji alidai haki ya njia, na watu wawili wazima wakashikana mashati juu ya kitu kinachoenea kiganjani.

Mkurugenzi, kwa jinsi anavyopenda amani, akachukua yote. Aliacha ukanda mwembamba wa mwanzoni kabisa, ambao kila mtu aliuona uko mlangoni, kwenye vumbi. Huo akapewa Mama Hidaya wa Dawati la Wakulima.

"Utakutosha, mama?" Fanueli alimnong'oneza kwa aibu.

"Mghoshi, mie nimelima kabichi kwenye jabali," alisema Hidaya, akimwita bwana kwa Kisambaa. "Nipe hako hako."

Siku ya sherehe, ukungu ulipopanda, mgeni rasmi aliwasili kutoka mkoani: Mama Evelina Mshana, mtu wa maneno machache. Fanueli alimwamkia shikamoo mara mbili kwa kuchanganyikiwa. Mkurugenzi akatoa maelekezo ya mwisho. Kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa, kila neno la mashine litafsiriwe kwenye kipaza sauti. Na kwa kuwa mashine ilikuwa inauita ukanda wa Hidaya C na eneo lake yeye Mkurugenzi D, aliongeza: "Herufi moja haitoshi heshima ya ofisi. Ukiona D, soma Mkurugenzi."

Fanueli akaandika amri. C ikalimwa yote bila kasoro. Makofi.

Ikaja zamu ya D. Diski ikaanza kukoroma, kisha kusaga kama kinu kilichomeza jiwe. Maandishi yakatokea. Fanueli akayasoma kimoyomoyo tu.

"Soma," alisema Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, labda kwanza tunge..."

"Soma! Wananchi wanasubiri."

Fanueli aliifikiria mizani ya Soni. Alikifikiria kitenge cha Beatha. Kisha akasoma, maana agizo ni agizo:

"Mkurugenzi ni mbovu kuanzia mwanzo. Mkurugenzi hafai kutumika."

Kipaza sauti kilikuwa kizuri mno. Maneno yaligonga mlima wa pili, yakarudi: hafai kutumika.

"Rudia amri!" Mkurugenzi alifoka.

Akarudia. Diski ikasaga tena.

"Mkurugenzi amejaribiwa upya," alisoma Fanueli, jasho likimtiririka, "na bado ni mbovu."

Mgeni rasmi alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanamcheza. Alipopata pumzi aliuliza, "Na ule ukanda mwingine?"

"Mzima, mama. Ni wa Mama Hidaya."

"Basi Mamlaka ihamie huko. Na huyu anayesoma bila kupepesa, kwa nini ni kaimu?"

Kuanzia hapo Fanueli hakuwa kaimu tena, na kumbukumbu zote za Mamlaka zikawa zinaomba hifadhi kwa Hidaya. Jumatatu moja Mkurugenzi alikuja na hotuba ya kuhifadhiwa mkononi, akapanga foleni nyuma ya mkulima wa matunda damu.

"Karibu, Mkurugenzi," alisema Hidaya. "Nafasi ni finyu, humu nina miche ya watu. Ni ndefu?"

"Ya kawaida tu."

"Basi ondoa shukrani, ondoa salamu, ondoa na yale mafanikio. Kikibaki kitu, niletee."

Mkurugenzi akakaa kwenye benchi, akachomoa kalamu, akaanza kukata. Alikata kwa uaminifu, mstari kwa mstari, hadi adhana ya adhuhuri. Kisha akaikunja ile karatasi, akaaga kwa adabu, akaenda nayo nyumbani.