Kitabu Kilichopimwa na Chai

Jumatatu, 26 Agosti 1996

Chepchirchir ananificha kitu. Sidhani. Najua. Mimi Gibson niliachia shule Fomu Wani, lakini kwa upelelezi hapa Sosiot hakuna wa kunifikia.

Dada yangu huyu yuko Fomu Tri, bodingi. Kila likizo huja na riwaya moja ya vijana kutoka laibrari ya shule, tunaisoma pamoja. Sheria ni yake. Sura moja kwa siku, mimi asubuhi, yeye mchana, halafu jioni tukikamua ng'ombe tunabishana. Kuruka mbele ni dhambi.

Ya safari hii ni moto! Zena, mkimbiaji, anaamka siku ya mashindano anakuta viatu vyake vimekatwa kwa wembe. Nani? Mimi nasema kocha. Chepchirchir anasema ni rafiki yake wa chanda na pete. Atakayeshindwa ataomba msamaha mbele ya ng'ombe.

Sasa. Siku ya tano leo, kila akichukua kitabu anapotelea upande wa kwa kina Gekara. Anarudi na wino kidoleni. Tangu lini kusoma kukatoa wino? Nilimuuliza. Alisema nishughulike na chuchu nilizoshika.

Jumanne, 27 Agosti

Duke! Kumbe ni Duke Gekara, kijana wa kinu cha unga, yule anayechana nywele hata kabla ya kusaga mahindi. Leo amenisimamisha njiani akauliza eti Zena amefika wapi.

Zena! Amemjuaje? Nikamwambia Zena alikufa, tukazika. Akacheka, akasema Gibi wewe ni mtu wa maana sana. Gibi! Hilo jina ni la nyumbani.

Basi dada anasoma na mtu wa unga. Mimi ni wa nini tena?

Lazima kitabu kipotee kidogo. Kidogo tu, maana kinarudi shule Jumatatu. Kisiporudi, Chepchirchir anafutwa laibrari mpaka amalize Fomu Foo. Hakuna riwaya Desemba, hakuna Aprili, hakuna kitu. Nimeifikiria hatari hiyo. Mpango wangu hauna hatari.

Jumatano, 28 Agosti

Niliamka nikaenda kuchuma chai bila kutumwa. Mama alinishika kipaji cha uso kuona kama ni malaria.

Saa nne kikapu kilijaa. Riwaya nikaifunga kwa plastiki, nikaiweka chini kabisa, majani juu. Nani atatafuta hadithi kwenye majani mabichi? Nikaacha kikapu kivulini, nikaenda kulala kifudifudi kando ya ua wa Gekara, nione Duke akinyimwa.

Dada hakuja. Siafu walikuja.

Kurudi, kikapu hakuna! Jirani yetu Edinah alisema Mama amekibeba kwenda kituo cha chai, anaimba njia nzima, kwamba mwanawe amebadilika.

Nilikimbia kuliko Zena.

Nilichelewa. Karani Bosire alikuwa amemwaga majani mezani, anachambua. Yeye hutaka majani mawili na chipukizi, basi. Akainua kitabu juu, akatangazia foleni yote kwamba amewahi kukamata mawe, amekamata maji, amekamata hata sandali moja, lakini mkulima wa kuongezea chai uzito kwa kitabu hajamwona tangu azaliwe. Watu walicheka mpaka mzani ukayumba. Majani yetu yote yakakataliwa. Kitabu kikabaki, eti ushahidi, mpaka kamati ya wakulima ikae.

Mama alibeba kikapu kitupu mbele yangu hadi nyumbani, haimbi tena. Heri fimbo.

Alhamisi, 29 Agosti

Chepchirchir amelia. Sikupenda. Nilimweleza vizuri kwamba kosa ni la Duke. Akaniangalia vile mtu huangalia maziwa yaliyoganda.

Nikaenda kituoni kuomba. Bosire ameegemea magunia, anasoma! Eti anachunguza ushahidi. Yuko sura ya nane, na sisi hata ya saba hatujagusa! Nilimsihi, karani, mzee wangu, tafadhali. Akainua kidole bila kuinua macho. Akasema ningoje, kocha ameingia.

Nimengoja mpaka lori likaja. Huyo Bosire simwamini kabisa.

Jumamosi, 31 Agosti

Chepchirchir ameenda mwenyewe. Alimwambia karani ukweli wote, kwamba hakuna aliyetaka kuiba uzito, ila ana kaka mjinga. Bosire akasema hilo analiamini, hata bila shahidi. Kamati haitakaa.

Lakini kitabu hakutoa. Amebakisha sura moja. Atakileta kesho kanisani.

Dada alirudi anatabasamu kidogo. Wamezungumza nini muda wote huo?

Jumapili, 1 Septemba

Baada ya ibada Bosire alikabidhi kitabu kwa mikono miwili, kama sadaka. Nilipumua. Halafu akafungua mdomo, mbele ya wazee na kwaya nzima. Akatangaza: jamani, mimi nilishuku kocha, kumbe ni Zena mwenyewe alikata viatu vyake! Aliogopa kushindwa!



Chepchirchir alikaa chini kwenye nyasi. Nami nikakaa. Kisha akaanza kucheka, akanilalia begani akicheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka. Tumeshindwa wote wawili. Hakuna atakayeomba msamaha mbele ya ng'ombe.

Nilifurahi dakika tano. Halafu Mama akanituma Sigowet kupeleka maziwa kwa shangazi, eti nisikimbilie kurudi. Shangazi ana ng'ombe wanne!

Jumatatu, 2 Septemba

Ameondoka, na kitabu amekibeba salama.

Kitandani kwangu nimekuta madaftari matatu. Kurasa za kwanza ni hesabu za Duke za zamani. Zilizobaki, Chepchirchir amenakili riwaya kwa mkono, neno kwa neno, nipate cha kurudia mpaka Desemba. Alikuwa anaandikia kwenye meza ya kinu kwa sababu, amesema kwenye barua aliyoacha, nyumbani kuna macho yangu. Duke alimpa madaftari na kalamu ya wino.

Nimeketi sana na hayo madaftari. Jikoni kulikuwa na moshi mwingi, ukaniingia machoni.

Lakini ngoja. Sura nne za mwisho si mwandiko wake. Ni wa Mama! Mama, anayesema riwaya ni za watu wasio na ng'ombe! Jana nikiwa Sigowet, dada alimsomea, yeye akaandika. Na mwisho wake, Zena anaungama, anasamehewa, anajiunga na kwaya ya akina mama. Kwaya? Bosire hakutaja kwaya!

Kesho Mama haendi popote bila mimi nyuma yake. Na Duke pia. Jioni amenisalimu kwa upole, akaniuliza kama nimeipenda riwaya. Hakuna mtu husalimu hivyo bure.