Mursik ya Msomi

Jumapili, 2 Machi
Kipkorir ameniharibia tena. Amepeleka mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, kwa Mama Cherotich huko Sigowet. Mama amekunywa yote, akatangaza kwamba atakayeoa binti yake ni mtu anayejua maziwa. Sielewi. Mimi nimesomea vijidudu vya maziwa chuo kikuu! Kipkorir alichosomea ni ng'ombe wa baba yake.

Nimemwambia Cherotich mwenyewe, huyo binti, kwamba nitapeleka mursik yangu Jumamosi. Akaniuliza kama nimewahi kutengeneza. Nikamweleza kwamba mursik ni bakteria tu, na hao nawajua kwa majina. Akajifunika uso kwa viganja. Nadhani alivutiwa.

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua kibuyu kipya. Janefer, anayeviuza sokoni, ni Mkisii mwenzangu lakini amezaliwa huku. Eti nikiloweke kwanza mpaka uchungu utoke, kisha nisugue ndani na mkaa wa mti wa senetwet mpaka kuta ziwe nyeusi. Nimemshukuru tu. Kitu kipya kitakuwaje na shida? Na mkaa ni kaboni, uwe wa senetwet au wa mkaratusi. Nimepaka kidogo kutoka jikoni kwangu, kwa ajili ya heshima. Nikachemsha maziwa, yakapoa, nikamimina, nikafunika.

Alhamisi, 6 Machi
Gordon, ninayeishi naye, amenusa kibuyu akahamia kwa shemeji yake. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi
Sielewi kabisa. Mama alipiga funda moja, akaweka kikombe chini, akauliza kama nimemletea dawa ya malaria. Nikaanza kumfafanulia asidi. Kipkorir, ambaye hakuna aliyemwalika, alicheka mpaka akashika ukuta. Nikaonja mwenyewe. Chungu kama mwarobaini! Niliona aibu, machozi yakanilengalenga. Hesabu zangu zote zilikuwa sawa.

Lakini Mungu si Athumani. Nikiaga, Mama aliniita nyuma ya jikoni akanipa kibuyu chake mwenyewe, alichoachiwa na mama mkwe wake. Akasema hicho hakihitaji fundi, kazi kinaijua chenyewe, mimi nimimine maziwa tu. Yakikubali, nilete wazee wetu tuzungumze mambo ya mahari. Yakikataa, Kipkorir naye ana wazee. Cherotich alinisindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono, akaniomba kwa jina la Yesu nisifikirie chochote.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Asubuhi nilimulika ndani ya kile kibuyu kwa tochi ya simu. Sikuamini macho yangu. Cheusi ti! Masizi juu ya masizi, na harufu ya moshi tangu enzi za bibi yao. Maskini Mama, miaka yote hiyo na hakuna msomi aliyemwambia. Sasa naelewa kwa nini alinipa mimi, si Kipkorir.

Nimekiosha kutwa nzima. Maji ya moto, sabuni ya unga, Jik ya kung'arishia nguo, halafu kokoto za kutikisa. Maji meusi yalitoka mpaka alasiri. Sasa ndani ni kweupe kama mahindi mabichi, na hakinuki chochote. Nimemimina maziwa.

Nimempigia Cherotich nimpe habari njema. Nilipofika kwenye kokoto, simu ikakatika. Mtandao wa huku ni mbovu sana. Baba nimempata bila shida, nimemwambia awaandae wazee.