Gundi ya Kabati la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti

Mke wangu karudi kutoka kwa mama yake na mfuko wa nailoni. Ndani kuna vipande vya utepe wa kingo, ule wa kufunikia kingo za ubao, vimejikunja kama maganda ya viazi. Nimevitambua. Vimetoka kwenye kabati la jikoni nililomtengenezea mama mkwe mwaka juzi, kwa mikono yangu na kwa maneno mengi. Mama kasema huenda nikavihitaji. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaloniuma.

Kosa si langu, ni la birika. Linachemkia kando ya kabati asubuhi na jioni. Mvuke unapanda, gundi inalainika, utepe unaachia, ubao unabaki mtupu, maranda yaliyoshindiliwa ndani yake yako nje. Nimemweleza mke wangu kwa kirefu. Akauliza kama nimewahi kuona jiko lisilo na birika.

Kuna baya zaidi. Mwanyumba wangu alikuwepo. Tumeoa dada wawili, mimi mkubwa, yeye mdogo, na hapo ndipo mwisho wa kumzidi kwangu. Anauza makabati ya kiwandani, yale yanayokuja kwenye maboksi. Hatembei bila kitabu chake cha picha, kwa hiyo humu daftarini anaitwa Katalogi. Kamwambia mama mkwe atamletea kabati jipya, zawadi, hili la zamani litupwe. Mama atatoa jibu Jumapili, familia yote ikikutana kwake kula.

Seremala mzima, mama mkwe wangu apewe kabati na mtu mwingine! Nitauweka wapi uso wangu? Nimezunguka meza mpaka mke wangu kaniomba nikazungukie nje.

Jumanne, 5 Agosti

Duka la vifaa, kabla hata hawajafungua. Nimemkuta muuzaji anafagia. Nikamweleza shida ya rafiki yangu mmoja, seremala, mtu hodari tu ila ana bahati mbaya. Akasema rafiki yangu anahitaji gundi ya poliyurethani. Haiogopi mvuke, haiogopi joto, maji ndiyo kwanza yanaikomaza. Inakauka kwa unyevu ulioko hewani. Akaniwekea chupa mezani kama mtu anayeweka bastola.

Kisha akaanza kunihutubia. Eti ipakwe kidogo, inatoa povu. Eti nivae glavu. Eti utepe ubanwe vizuri mpaka ikauke. Na zaidi ya yote, ikishakauka hairudi nyuma, hakuna dawa.

Hilo la mwisho nimelipuuza. Nimefanya kazi miaka mingi na pasi ya mke wangu. Nikikosea utepe, napitisha pasi ya moto, gundi inayeyuka, nabandua, nabandika upya. Sijakutana na kosa lililoishinda pasi.

Jumatano, 6 Agosti

Jaribio. Nimebandika utepe kwenye kipande cha ubao jana mchana. Leo nimekichemsha kwenye sufuria ya maharage. Mke wangu kaingia, kafunua, katazama, kafunika. Baadaye nikasikia anamwambia dada yake kwenye simu kwamba leo wanakula ubao.

Ubao umevimba na kusambaratika. Utepe haukutoka! Umeshikilia maranda mpaka dakika ya mwisho. Nilitamani kuubusu.

Nimepata wazo. Nimempigia Katalogi. Nikamwambia, kwa upole wote, kwamba ili mama asibabaike, Jumapili kila mmoja aonyeshe kazi yake mbele ya birika linalochemka. Yeye alete mlango mmoja wa kabati lake. Mimi nitaonyesha kabati la mama, likiwa limetengenezwa upya. Akakubali papo hapo, akacheka, akanitakia kazi njema. Kwa nini alicheka?

Alhamisi, 7 Agosti

Kwa nini alicheka?

Nimekwenda karakana, nikarudi. Nikaenda tena. Nimepiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu. Nimenoa patasi ambayo ilikuwa kali tayari, nikajikata kidole.

Mke wangu kasema kesho mama yake hatakuwepo nyumbani kuanzia saa nane, ana kikao cha chama chao cha akina mama. Nafasi ndiyo hiyo. Nitaingia, nitafanya, nitatoka. Akirudi atakuta kabati jipya na hatajua limetoka wapi. Mke wangu anashauri nimwombe mama atoe vyombo kwanza. Vyombo vyote vya wageni vimo, na kikombe cha marehemu baba mkwe kimo. Nimemwambia tunabandika kingo tu, hatuhamishi nyumba.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vimegandana.

Vinginevyo, ushindi. Nimebandua utepe wote wa zamani, kwenye fremu na kwenye milango yote miwili. Nimepaka gundi. Muuzaji alisema kidogo, lakini yeye hana mama mkwe huyu. Nimepaka ya kutosha. Tena kwa kuwa inapenda unyevu, nikaipulizia maji ya kutosha ili iwahi.

Klampu ya kubania niliisahau karakana. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Milango ya kabati hili inaingia ndani ya fremu, barabara, haiachi nafasi. Nikiifunga, fremu yenyewe inaubana utepe. Klampu ya nini, wakati mlango unaweza kujibana wenyewe? Nashangaa hakuna aliyewahi kuligundua hili. Nikafunga milango, nikapiga selotepu juu. Povu kidogo likatokeza kwenye nyufa, rangi ya asali, zuri hata kulitazama.

Nimeacha ujumbe kwa jirani: mama asifungue kabati mpaka kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Milango haifunguki.

Nimevuta kwa mkono. Nimevuta kwa miguu miwili nikiwa nimekaa sakafuni. Kitasa kimetoka, nimekirudisha. Nimejaribu dawa ya mke wangu ya kufutia rangi ya kucha. Jiko zima likanuka saluni, povu halikuhama. Basi nikatoa pasi, niliyoificha kwenye sanduku la vifaa. Nikaichomeka, nikaiweka kwenye mlango, nikasubiri.

Gundi haikuyeyuka. Kilichoyeyuka ni sura ya mlango. Alama ya pasi, ncha juu, kama mtu aliyepiga mhuri.

Nimeula wa chuya. Lakini nikajikaza kisabuni. Sebuleni ukutani palikuwa na kalenda. Nikaitundua, nikaipaka gundi iliyobaki, nikaibandika juu ya alama. Imekaa vizuri sana. Ni baada ya kuibandika ndipo nilipokumbuka kwamba kalenda hugeuzwa.

Mama mkwe akaingia na kikapu. Nikasimama mbele ya kabati, mikono nyuma. Akanisalimia, akaisifu kalenda, akasema jikoni ilikuwa inahitajika. Kisha akaomba nimpishe achukue kikombe chake. Hanywi chai kwa kikombe kingine tangu mumewe afariki, watu wote tunajua. Nikasema gundi hii inahitaji utulivu, kabati lisiguswe mpaka Jumatatu. Akanitazama. Akatazama kalenda. Akasema haya, baba, mafundi ndio wanaojua, yeye atakunywa maji.

Akakaa kwenye kigoda akanywa maji. Nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu ya ufundi. Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka, ukasema jikoni kwake kuna hewa nzuri, ukafungika.

Mpango wa kesho: twende na vyombo vyetu wenyewe. Mtu asiguse kabati. Jibu la mama likishatolewa mbele ya watu, litakuwa limetolewa.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekwenda na beseni la sahani. Mke wangu alilibeba nusu ya njia akiuliza kwa nini, nusu ya pili akinyamaza. 

Mikono niliiweka mifukoni. Vidole vimeachana lakini ni vyeusi mpaka kwenye maungio. Watu wakanipa mkono, nikawapa kiwiko.

Nilipoingia jikoni nikaona kabati limesogea mbele kidogo, kiasi cha mtu kupitisha mkono kati yake na ukuta. Nikadhani ni macho yangu.

Birika likawekwa. Familia ikajipanga mlangoni. Katalogi akaegemeza mlango wake mweupe unaong'aa, mimi nikaegemea kabati. Mvuke ukapanda. Tukangoja. Shemeji mdogo, mke wa Katalogi, ndiye aliyeona kwanza: utepe wa mlango wa mumewe umeanza kunyanyua ncha. Ukanyanyuka zaidi. Ukajikunja. Upande wangu hakuna kilichojongea, si utepe wala kingine chochote. Nikavimba kichwa. Nikaanza kuwaeleza habari za poliyurethani, kazi, subira, na vijana wa siku hizi wanaokimbilia maboksi. Katalogi alikuwa anacheka bado. Nikamhurumia.

Hapo mama mkwe akapita kati yetu, akachukua birika, akajimiminia chai. Kwenye kikombe cha bluu chenye ufa mwembamba pembeni.

Kikombe cha baba mkwe.

Nikatazama kabati. Milango imefungwa, kalenda iko palepale, Agosti. Nikatazama kikombe. Mama akapuliza chai, akanywa kidogo, akapeleka mkono nyuma ya kabati, akatoa sahani. Akatoa nyingine. Akamkabidhi mke wangu, akamwambia zile za kwenye beseni arudi nazo, huku hakuna upungufu.

Ikatoka yote. Jana jioni, mimi nikiwa sijafika hata kwangu, alimpigia Katalogi. Katalogi akaja na bisibisi, akafungua ubao wa mgongo, skrubu chache tu, kazi ya muda wa chai kupoa. Wote walijua. Walijua wakati nahutubia. Mke wangu kajua leo asubuhi, na bado kalibeba beseni.

Mama mkwe hakunifokea. Alinisogeza pembeni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kingo zimeshika, hajaona kazi iliyoshika namna ile, na kabati jipya halitaki. Hili litageuzwa mgongo mbele, atalitilia pazia. Ila la kikombe lilimuuma. Ningemwambia tu kwamba mlango umegoma, angecheka. Badala yake nilimwacha anywe maji. Nikasema nisamehe, mama. Akasema alishasamehe, niondoe mikono mifukoni nikale.

Tulimgeuzia kabati baada ya chakula, mimi upande mmoja, Katalogi upande mwingine. Alinipa pole. Nadhani alimaanisha. Sitamsahau kwa hilo, namtafutia siku yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelala vizuri. Nimetafakari. Ukiondoa mambo madogo, nimeshinda. Kabati langu ndilo lililobaki.

Tena kuna kazi mpya. Mama mkwe ameniagiza kupitia mke wangu: anataka kigoda kipya cha kukalia jikoni wakati wa chai. Mke wangu alitumwa kusisitiza kisiwe na mlango. Alilisema mara mbili, polepole, akiniangalia machoni. Nikaahidi. Nimeahidi kwa dhati, kwa sababu ya yale maji aliyokunywa Jumamosi. Nataka kitu ambacho kitamfurahisha kila asubuhi.

Mchoro niko nao hapa. Hakina mlango hata mmoja. Kina droo. Ndogo, chini ya kikalio, ya kuwekea kile kikombe chake, kisipotee tena. Itaingia barabara, haitaacha nafasi. Kingo zake nitazibandika kwa ile gundi, na klampu sihitaji kubeba, maana nikiisukuma droo mpaka mwisho itajibana yenyewe.

Pasi nimeshaiweka sandukuni, kwa tahadhari.