Jina Nililoliacha Jandoni

Jumatatu, 14 Desemba 2009
Ruangwa. Mwanangu Sultani katuma pesa kutoka Dar za kumtoa mwali. Mwali ni binti yake, mjukuu wangu Sabaha. Ngoma ni Jumamosi. Pesa zimo ndani ya simu na simu haitaki kuzitoa! Nimekosea namba ya siri, imejifunga. Zamani, Posta ya Nachingwea, karani Bi Makrina alinitazama usoni, akaulizia mikorosho, akanipa changu. Ah, ile Posta! Naikumbuka mpaka harufu ya gundi.

Jumanne, 15 Desemba
Kibandani kwa Kornel, wakala wa pesa za simu. Kapiga huduma kwa wateja. Binti wa huko kataka jina nililojiandikishia. Balaa! Kadi yangu ya kura ililiwa na mchwa, nikajiandikisha kwa cheti cha shule, chenye jina la kabla ya jando. Jina lile mwanamume halitamki. Mke wangu Mwanabibi halijui. Hata hapa siliandiki! Na Kornel katega masikio. Nikasema mimi Nasri. Binti akasema Nasri hamjui. Nikamwambia Bi Makrina alinijua. Akakata simu.

Jumatano, 16 Desemba
Mpango kabambe. Nimepanda kilimani peke yangu, nikampigia binti. Mtandao hafifu, hasikii. Nikalitamka kwa sauti. Nikalirudia kwa kelele. Simu ikafunguliwa, namba mpya ya siri nikapata. Kumbe bondeni kulikuwa na kina mama wanaokata kuni! Jioni Kornel kaniita kwa jina lile, mbele za watu. Kibandani kwake sikanyagi tena, pesa na zikae simuni.

Ijumaa, 18 Desemba
Kapiga bwana mmoja, mtu wa kampuni. Kaomba radhi kwa usumbufu. Kaniuliza napenda kuitwa nani. Nasri! Akaniita Mzee Nasri mpaka mwisho. Adabu ya Bi Makrina kabisa. Alitaka namba ya siri tu, nikampa.

Pesa zimekwenda. Zote.

Jumamosi, 19 Desemba
Mwanabibi kauza mbuzi wake wawili kulipia ngoma. Sabaha katoka, kang'aa kwa khanga mpya. Nikakumbuka siku nilipotoka jandoni, marehemu mama akiniita Nasri kwa mara ya kwanza. Nimelia.

Jumapili, 20 Desemba
Nyumba imejaa wageni, pesa si salama, hivyo Mwanabibi kampelekea Kornel pesa alizotunzwa Sabaha aziweke kwenye simu yangu. Ndizo sare na ada yake ya sekondari. Namba ya siri tumebadilisha, na nimeapishwa.

Alasiri kapiga bwana mwingine, mpole zaidi. Mwizi wamemkamata, wanataka kunirudishia zangu. Kaniita Mzee Nasri tangu neno la kwanza. Nimemtajia namba polepole, asije akakosea.